Picha ya Minandi Wakiruka

Kila asubuhi kabla ya shule, Ndinda alikuwa shambani kwa mama yake karibu na Matiliku, akifukuza ndege kwenye mtama. Silaha yake ilikuwa kombeo na madonge ya udongo. Ndege wakitua tu, donge linawafikia, kundi lote linainuka kama vumbi. Kwa shabaha hakuna mtoto aliyemweza. Kwa mengine yote walimpita. Hakuwahi kusifiwa mbele ya shule hata siku moja, na hilo lilimkereketa.

Kwa hivyo Mwalimu Musyimi aliposema klabu ya mazingira itaenda bwawani, upande wa Kitui, kupiga picha ndege wa majini wakiruka, na kwamba picha bora itapelekwa kwenye maonyesho mjini Wote, Ndinda alijiambia hiyo ni yake.

Boti ilikuwa ya Yakub, baba wa watoto aliyeishi kwa kubeba wageni. Alimchukua mwanafunzi mmoja mmoja. Alizima injini mbali, akapiga kasia polepole hadi kwenye miti mikavu iliyosimama majini. Huko juu minandi, ndege weusi wa shingo ndefu, walikuwa na viota na vifaranga.

"Sheria ni moja," mwalimu aliwaambia pale ukingoni. "Ndege hafukuzwi. Ngoja aruke mwenyewe. Ukikosa, umekosa."

Mulei, mwanafunzi mwenzake, alirudi na picha ya mkia. "Hao ndege wamelala," alimwambia Ndinda. "Na wewe utaleta picha ya miti."

"Ngoja uone."

Zamu yake ikafika. Alingoja. Jua lilimchoma shingo, kamera ya shule ikawa nzito, na minandi wamekaa tu kama watu kwenye baraza la chifu.

"Msichana, tunarudi sasa hivi," alisema Yakub, akampa mgongo kuchota maji yaliyoingia botini.

Ndinda alitoa kombeo mfukoni. Donge la tope alikuwa nalo tayari.

Mti mzima ulilipuka mabawa. Alibonyeza kamera, akabonyeza tena. Picha ilikuwa tamu kuliko alivyoota.

Halafu vifaranga wakaanza kuanguka majini. Waliobaki juu, kunguru waliwavamia kabla wazazi wao hawajageuka. Ndinda alisikia kelele zao ndogo, kisha hakusikia tena.

Yakub alikuwa ameinuka. "Nini imewashtua?"

"Sijui."

"Kweli hukuona kitu?"

"Sijaona kitu, anko."

Ukingoni, askari wa wanyamapori alikuwa akiwangoja, amekasirika. "Yakub, umewasha injini karibu na viota."

"Wallahi sijawasha."

"Basi ndege wameota ndoto mbaya? Boti itakaa nchi kavu mpaka nikwambie."

Askari aling'oa injini, akaenda nayo. Yakub alimtazama Ndinda kama mtu anayeomba maji. Ndinda akatazama viatu vyake.

Picha ilishinda. Ilibandikwa nje ya ofisi ikisubiri maonyesho, jina la Ndinda chini yake, na shule nzima ikampigia makofi gwarideni. Ndinda alitamani ardhi immeze. Ugali ulikuwa kama mchanga mdomoni. Asubuhi mama alimkuta ameketi, ndege wakila mtama mbele yake.

"Aiya, Ndinda. Kwani unaumwa?"

"Mwaitu, mama yangu, mimi ni mtu mbaya." Akainuka kwenda shule.

Mulei ndiye aliyeleta habari. Shangazi yake alikaa karibu na bwawa. "Yule mtu wa boti sasa anavunja kokoto," alisema. "Mikono imechubuka yote. Watoto wake wanalala njaa."

Ndinda alienda moja kwa moja ofisini. "Mwalimu, toa hiyo picha. Si Yakub aliyewashtua ndege. Ni mimi, na kombeo."

Mwalimu Musyimi aliweka kalamu chini. "Ulijua anaadhibiwa?"

"Nilijua."

"Na makofi ukapokea."

"Nilipokea."

Mwalimu aliibandua picha mwenyewe. Jumamosi walirudi bwawani, na Ndinda akasema yote mbele ya askari na Yakub, bila kupunguza. Askari alikuna kichwa, akamwomba Yakub msamaha, akaenda kuleta injini.

"Nilikuuliza, mwanangu," Yakub alisema. "Nilikuuliza pale pale."

"Nisamehe, anko."

"Nimekusamehe. Lakini usidhani ilikuwa kitu kidogo."

Akawapeleka kwenye miti. Viota vilining'inia vitupu. Hapakuwa na mnandi hata mmoja.

"Kurusha donge kulikuwa kosa," mwalimu alisema. "Kubwa zaidi ni kunyamaza, mtu asiye na hatia akiumia, na wewe unakula sifa. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka. Umechelewa, na bado umemwokoa Yakub. Ndege hawa hukuwaokoa."

Yakub aliwasha injini palepale chini ya miti, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kushtuka.