Mashine ya Theluji ya Marlys

Oktoba ilipofika, kabla ardhi haijaganda, Marlys Lahti alichomeka vijiti virefu vyekundu pande zote mbili za njia yao. Kila mtu kule karibu na Ziwa Superior hufanya hivyo, ili theluji ikifunika kila kitu, njia ijulikane ilipo. Njia ya akina Lahti ilikuwa ndefu, ya kokoto, kutoka barabarani hadi mlangoni.

Marlys alichomeka vijiti huku moyo wake ukiwa mzito. Februari iliyopita mumewe, Arvid, alipatwa na mshtuko wa moyo. Majira yote ya baridi walikuwa wakisukuma theluji pembeni kwa bamba la trekta. Kingo ziliganda kama saruji, njia ikawa nyembamba, pa kusukumia pakakosekana. Gari la wagonjwa lilikwama barabarani. Arvid alikokotwa hadi kwenye gari hilo juu ya sleji, kitoroli cha kuteleza kwenye theluji walichobebea kuni.

Jioni hiyo jirani yao, Lorna Pelkola, alikuja kunywa kahawa kwa mkate wa iliki. Lorna alikuwa amestaafu kuendesha magari ya wilaya ya kuondoa theluji barabarani.

"Safari hii nanunua mashine ya kurusha theluji," Arvid alisema. "Nimeona moja pana kama mlango wa ghala. Napita mara moja, nimemaliza."

"Kwa katrekta kako kale?" Lorna alicheka. "Itakazima katikati ya njia, ukae humo uimbe nyimbo za kanisani."

"Trekta langu lina nguvu, Lorna."

"Nguvu ya injini ni moja, shemeji. Inayofika kwenye shafti ya kuzungushia mashine ni nyingine, tena pungufu. Angalia hiyo ya pili kwenye kitabu cha trekta. Kisha pima upana, tairi hadi tairi, kwa nje. Mashine izidi hapo kidogo tu. Ikiwa nyembamba, tairi zitakanyaga theluji. Ikiwa pana mno, injini itashindwa."

"Basi nitafunga ya nyuma. Za nyuma ni rahisi."

"Ni nzuri, kwa mwenye shingo ya bundi. Utaenda kinyumenyume njia nzima. Nani ataendesha?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Lorna alitazama kikombe chake. "Na siku ukiwa umelala hapo, umeshika kifua?"

Marlys aliweka kikombe chake mezani.

"Siku hiyo ni mimi, mzee wangu," alisema polepole. "Na shingo yangu haigeuki, unajua."

Arvid alimtazama mkewe. Akatambua kwamba alikuwa akimchagulia mashine yule Arvid wa kabla ya Februari.

"Basi iwe ya mbele," alisema hatimaye.

Trekta lao lilikuwa na shafti ya kutoa nguvu chini ya tumbo, kwa hiyo mashine ya mbele iliwezekana. Walinunua inayolingana na nguvu yake. Nyuma walifunga sanduku la mawe ili trekta lisiinamie mbele, na tairi zikavishwa minyororo. Lorna alishusha viatu vya chuma vilivyo chini ya mashine, ili ikae juu kidogo, isizoe kokoto.

"Hizi bolti laini za nini?" Arvid aliuliza. "Si niweke ngumu, zisikatike?"

"Zimewekwa zikatike. Jiwe likiingia, inakatika bolti, giaboksi inapona. Weka ngumu, utanunua giaboksi." Kisha Lorna alimgeukia Marlys. "Bomba la kurushia theluji likiziba, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame. Tumia kijiti. Mkono, kamwe. Na rusha theluji upande upepo unakoenda."

Januari, dhoruba ilikuja kutoka ziwani. Mchana Arvid alikaa kitini ghafla, uso wake kijivu. "Kifua," alisema.

Marlys alipiga simu ya dharura. Akampa Arvid dawa aliyoandikiwa na daktari, akamwita Lorna aje kukaa naye. Lorna alipoingia tu, Marlys alikimbilia trekta.

Alienda polepole, macho kwenye vijiti vyekundu. Theluji iliruka mbali, ikapita juu ya miti. Katikati ya njia bomba liliziba. Aliruka chini, mkono wake tayari umeelekea kwenye bomba. Akausimamisha. Alipanda tena, akazima injini, akatoa ufunguo. Kusubiri visu vya mashine visimame kulikuwa kama kusubiri mwaka. Alizibua kwa kijiti, akaendelea huku akilia.

Alipofika barabarani, taa nyekundu zilikuwa zinakuja. Alisogea pembeni. Gari la wagonjwa likampita, likaenda moja kwa moja hadi mlangoni.

Arvid alirudi nyumbani kutoka hospitalini kabla ya mwezi kwisha. Theluji iliyofuata ilimkuta dirishani na blanketi magotini, Marlys akiwa kwenye trekta. Arvid alifungua dirisha.

"Geuza bomba kushoto kidogo!" alipaza sauti.

Marlys hakusikia kwa sababu ya injini. Au alijifanya hasikii. Aliendelea mbele.