Kuruta wa Evelina

Kila jioni, akishaosha vyombo, Evelina aligeuka kuwa afande. Alishika kiuno mbele ya nyumba yao ya Butimba na kupaza sauti: "Kuruta Ngosha! Mbio mpaka kwenye mawe ya juu, geuka, rudi!"

Mjomba wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, alitimua mbio. Alikuwa amechaguliwa kwenda mafunzo ya jeshi akiwa na miaka ishirini na mitano, wakati wenzake wengi ndio kwanza wametoka shule. Nafasi hii ikimponyoka, umri ungemfungia mlango.

"Watoto wale wataniacha nahema kama ng'ombe wa mnadani," alisema. "Na wakufunzi wenyewe wadogo zangu! Bora nizoee kuamrishwa na kitu kifupi kama wewe."

"Kuruta haongei! Piga pushapu!"

Jumamosi moja, safari ikiwa imekaribia, Ngosha aliongeza dozi. Mama yake Evelina alikuwa sokoni, na jua liliunguza mawe. Ngosha alivaa koti zito, akamkabidhi Evelina chupa ya maji. "Usinipe hata nikilia. Jeshini hakuna kudekezwa. Na mama yako asijue."

Akapanda, akashuka, akapanda tena. Alipokuja kuomba maji, Evelina aliificha chupa mgongoni. "Askari hana kiu!" Wote wakacheka, Ngosha akaondoka akiyumba.

Mara hii alirudi akitembea. Alimwinamia Evelina kwa heshima. "Shikamoo, mama. Ng'ombe nimewarudisha wote."

"Marahaba, kuruta!" Evelina aliangua kicheko, kisha kikamkauka mdomoni. Macho ya mjomba yalimpita, kana kwamba yanamtazama mtu aliye nyuma yake. Magoti yakakunjika. Ngosha akaanguka kifudifudi.

Evelina alitimua mbio mpaka kwa jirani yao, Bibi Rebeka, sajini mstaafu.

Bibi Rebeka alikuja na ndoo. "Tumvute kivulini! Mvue koti!" Akammwagia Ngosha maji mwilini, Evelina akimpepea kwa kanga. "Huyu leo amekunywa maji?"

Evelina alikumbuka siri yao. Akautazama mwili ule unaotetemeka. "Hapana, bibi. Anakimbia tangu asubuhi. Aliomba maji, nikamnyima."

Bibi Rebeka hakungoja zaidi. Aliita bajaji, wakakimbilia hospitali, bado wakimmwagia maji njiani. Daktari alisema joto lilikuwa limemvuruga akili. Wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanatafuta sanda.

Kesho yake, hospitalini, Ngosha alikaa kitandani, uso umemsawajika. "Bibi, nafasi yangu ndiyo imekwenda?"

"Dada yako amepiga simu kambini. Utaripoti na kundi linalofuata, daktari akikupitisha." Bibi Rebeka akavuta kiti. "Nikueleze jambo, mzee kijana. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote katika kombania yangu. Waliorudishwa nyumbani hawakuwa wa mwisho kwenye mbio. Ni wale waliowaonea vijana aibu, wakaficha goti bovu, wakaficha homa. Anza mazoezi mapema, ongeza kidogo kidogo, kunywa maji, lala. Mwili ukikataa, sema hapo hapo. Afande wa miaka ishirini akikuamuru, itika. Ukubwa wako uache getini. Lakini akili ingia nayo."

Ngosha aliinamisha kichwa. "Nimesikia, bibi."

Bibi Rebeka akamgeukia Evelina, aliyesimama kando ya kitanda. "Na wewe, siri inayoweza kumuua mtu haitunzwi hata kama umeapa. Jana uliisema, ndiyo maana leo tunaongea na mjomba wako. Siku nyingine, iseme kabla hajaanguka."