Jogoo Aliyewika Ndani ya Wimbo

Chiriku alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri. Aliuliza viatu vyake viko wapi, akajijibu mwenyewe, akamsimulia mama ndoto yake, akaiacha katikati, akaingia kwenye habari za mwalimu wa hesabu na miwani yake iliyofungwa uzi. Mama, fundi cherehani, aliendelea kukanyaga cherehani karibu na dirisha, pini mdomoni, akiitikia "mh" na "ehe". Msichana huyu alikuwa na jina lake la kweli, lakini nani alilikumbuka? Mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Mwanangu," mama alisema akitoa pini mdomoni, "hata redio hupumzika watu wakibadilisha betri."

"Leo siwezi kupumzika, mama! Leo ni zamu yangu ya simu!"

Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, haipigi wala haipigiwi. Ilikuwa ya mwalimu wa muziki, na ndani yake mlikuwa na video nne za kufundisha programu ya kutengenezea muziki. Programu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta pekee ya shule, iliyowekwa stoo, katikati ya madawati mabovu. Chama cha muziki kilikuwa na wanafunzi wanne. Simu ilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mmoja atazame somo lake mpaka alielewe, kisha awafundishe wenzake. Wakimaliza, watengeneze wimbo wa kuwaaga wanafunzi wa darasa la mwisho, na kwaya ya shule iuimbe mbele ya wazazi.

Somo la Chiriku lilikuwa la ngoma. Simu alikabidhiwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtoto wa muuza mkaa, msichana mkimya ambaye wote walimwita Mpole.

"Somo zuri hilo," Mpole alimwambia. "Usilirukeruke."

Mwalimu wa kwenye video alikuwa mzee mmoja mwenye subira ya ajabu, aliyejirekodi uani kwake. Aliweka pigo moja la ngoma, akaeleza. Akaweka la pili, akaeleza tena. "Sasa simamisha video, ujaribu mwenyewe," alisema kila mara. Lo! Chiriku na kusubiri, wapi na wapi? Somo halijafika hata nusu, yeye ameshapiga miayo. Akalisogeza mbele mpaka pale mzee alipocheza ngoma zote kwa pamoja. Zilikuwa tamu jamani, miguu ilitaka kuinuka yenyewe.

Uvivu haupigi hodi. Kesho yake, alipoachwa peke yake stoo, Chiriku aliiweka simu karibu na maikrofoni ya kompyuta, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akazinasa ngoma za mzee kama zilivyo. Akakata kipande, akakirudia na kukirudia mpaka kikajaza wimbo mzima. Ndipo woga ulipomwingia. Je, wenzake wakiitazama ile video? Akaifuta.

Mwalimu na wenzake walipokuja kusikiliza, vichwa vilianza kutikisika. Kisha, katikati ya ngoma, ikasikika: kokoriko! Baada ya muda kidogo, tena: kokoriko! Chiriku aliikodolea macho kompyuta. Jogoo wa uani kwa yule mzee alikuwa amenaswa pamoja na ngoma, na Chiriku kwa haraka zake hakumsikia.

"Jogoo!" mwalimu alipiga makofi. "Wazo hilo umelitoa wapi?"

"Ni... limenijia tu, mwalimu."

"Basi wafundishe wenzako kama somo lilivyosema."

Hapo Chiriku akajifunga kamba ya pili. "Somo halikuwemo, mwalimu. Nilipoipokea simu halikuwemo. Nimebahatisha mwenyewe."

"Bila somo! Kwa akili yake tu!" wenzake walipiga kelele. Lakini mwalimu hakupiga makofi tena. Aliikagua simu, akamgeukia Mpole.

"Simu ilitoka kwako."

"Somo lilikuwemo, mwalimu," Mpole alisema huku akimtazama Chiriku.

"Basi nani alilifuta? Mwenzako angefutaje kitu anachokihitaji? Kaa nje ya chama mpaka utakapokuwa tayari kusema kweli."

Mpole alichukua mkoba wake, akatoka. Chiriku alifungua mdomo ili amwite. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakikutoka kitu.

Tangu siku hiyo nyumba ya fundi cherehani ilipooza. Chiriku aliamka kimya, akavaa kimya, akala kimya. Mama alimgusa paji la uso, hakuna homa.

"Redio imeharibika?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

Angesema nini? Kila akifikiri kuungama, alikumbuka sifa alizomwagiwa. Kila akifikiri kunyamaza, aliona mgongo wa Mpole ukitoka mlangoni. Kusema aibu, kunyamaza dhambi. Shuleni habari za jogoo zilishaenea, na watoto wadogo walimfuata uwanjani wakimwikia, "Kokoriko! Kokoriko!" Walikuwa wakimpenda, maskini, na kila mlio ulimchoma.

Siku mbili kabla ya sherehe mambo yakawa mabaya zaidi. Kwaya ilifanya mazoezi na ngoma zile, na waimbaji wakaishia kuhema.

"Ngoma zinakimbia mno," mwalimu alisema. "Chiriku, punguza kasi. Na jogoo naye amezidi. Awike mara moja tu, mwishoni. Ni kazi ndogo kwako. Sisi tunakusubiri hapa barazani."

Chiriku akaingia stoo, mlango ukafungwa. Joto la mabati lilimshukia kichwani. Alipunguza kasi ya kile kipande, na ngoma zikawa nzito, jogoo akanguruma kama ng'ombe mwenye homa. Akairudisha. Akajaribu kumkata jogoo, na ngoma nazo zikakatika, maana sauti zote zilikuwa zimenaswa pamoja, bonge moja. Hakujua hata ngoma moja iliwekwaje. Nje, kwaya ilikuwa ikicheka na kungoja. Hakuna mlango wa pili. Dirisha lilikuwa na nondo.

Kwenye dirisha hilo ukatokea uso wa Mpole.

"Yule jogoo anawika mara mbili," alisema taratibu. "Mara ya pili ni pale mzee anapomfukuza kwa kandambili. Sehemu hiyo uliikata?"

Chiriku alishika meza. "Uliitazama?"

"Mara tatu, kabla sijakuletea. Niliipenda."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile! Mbona hukusema?"

"Nilisema lilikuwemo. Nani alinisikia? Wewe ndiye unayesikilizwa."

"Unanichukia?"

"Ndiyo. Sana." Mpole alishika nondo za dirisha. "Na kurudi nyumbani peke yangu kunachosha."

Mlango ukasukumwa. "Vipi, tayari?" mwalimu aliuliza, na nyuma yake kwaya nzima ikachungulia. Uongo mwingine ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: kompyuta imeharibika. Nani angebisha? Chiriku aliumeza. Ulikuwa mchungu, lakini aliumeza.

"Mwalimu, zile ngoma si zangu. Jogoo si wangu. Nimezinasa kwenye video, kisha nikaifuta video mwenyewe. Mpole hana kosa. Nilimsingizia." Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaenda dirishani.

"Binti yangu, nisamehe. Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Ingia ndani, nafasi yako ipo." Akamgeukia Chiriku. "Wewe utasafisha stoo hii mpaka muhula uishe. Lakini sasa hatuna ngoma wala somo. Kwaya itaimba kwa ngoma gani?"

"Somo ninalo kichwani," alisema Mpole.

Jioni ile na kesho yake yote walikaa pamoja kwenye kompyuta. Mpole alifundisha kwa maneno machache. "Weka pigo moja. Sikiliza. Sasa jaribu mwenyewe." Chiriku alikosea, akafuta, akarudia, akataka kulia, akarudia tena. Hapakuwa na wa kumfanyia. Pigo kwa pigo, ngoma zikakamilika.

Siku ya sherehe hazikuwa tamu kama za mzee. Zilikuwa nyepesi na za polepole, lakini waimbaji walipata pa kupumua. Kabla ya kuanza mwalimu alinong'ona, "Ngoma kubwa inafunika sauti," na Chiriku akaipunguza papo hapo, maana alijua ilipo. Wimbo ulipokwisha, watoto wadogo wa mbele wakapiga kelele, "Jogoo yuko wapi?"

Ndipo Mpole, ambaye hata jina lake likiitwa kwenye mahudhurio huitikia kwa kunong'ona, alipojaza kifua pumzi, akawika mwenyewe: "Kokorikooo!" Ukumbi uliangua kicheko. Mama fundi cherehani alicheka hadi akafuta machozi.

Watu walipokuwa wakitoka, mwalimu aliwaita wasichana wale wawili.

"Mmeona?" alisema. "Kazi uliyoifanya kwa mikono yako utaweza kuirekebisha. Uliyoichukua kwa ujanja itakufungia ndani, hujui hata pa kuishika. Na uongo haupendi kukaa peke yake, hutafuta mtu wa kumbebesha mzigo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kweli, Chiriku, lakini safari hii aliyekuwa akiumia njiani ni rafiki yako."

"Nimeelewa, mwalimu," Chiriku alijibu, bila kuongeza neno.

Walirudi nyumbani pamoja. Chiriku alikuwa na maneno ya siku nyingi yamejaa mdomoni. Akavuta pumzi ayamwage yote, kisha akajizuia.

"Anza wewe," alisema. "Leo nasikiliza mimi."

Mpole alimtazama kama anayepima uzito. Kisha akaanza, na walipofika kwa muuza mkaa alikuwa bado hajamaliza.