Namba Isiyopimwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni kufanya kazi aliyopewa na shangazi yake: kupima chumvi ya maji, kuandika namba daftarini na kujaziliza maji yaliyopungua. Jina la Sindano alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Ukimgusa, anachoma.

Ndani ya tangi, juu ya mawe, waliishi viumbe laini wa baharini waitwao matumbawe ya uyoga, wekundu na wa kijani, waliokunjuka kama kofia za uyoga. Lakini asubuhi hiyo wote walikuwa wamesinyaa. Hata lile tumbawe kubwa jekundu, lililokuwa pana kama kisahani, lilikuwa limejikunja likabaki kama kifungo cha koti.

"Kiroboto!" Sindano alifoka.

Mdogo wake wa miaka minane alikuja mbio, mswaki mdomoni.

"Umetia nini humu?"

"Mimi? Sijatia kitu."

"Mwongo mkubwa! Jana nilikuona umebandika pua kwenye kioo."

"Kwani pua yangu ina sumu, dada?"

Sindano hakucheka. Damu ilimchemka. Alimsukuma mpaka mlangoni. "Ukikanyaga tena hapa, utanitambua!"

Kiroboto akaangua kilio, povu la mswaki likimchuruzika kidevuni.

Shangazi alitoka chumbani akiwa na sare ya kazi. Alikuwa mpimaji wa maji ya kunywa kiwandani. "Makelele ya nini asubuhi yote hii?"

"Shangazi, huyu ameua matumbawe yako! Mwadhibu!"

Shangazi alichukua kipimo, akakidondoshea maji ya tangi, akakielekeza dirishani na kuchungulia ndani. Akarudia mara ya pili. Kisha akafungua daftari.

"Leo umeandika thelathini na tano. Jana, thelathini na tano. Wiki mbili nzima, thelathini na tano! Kipimo kinasema arobaini na moja. Nani mwongo hapa? Kipimo au kalamu yako?"

Masikio ya Sindano yaliwaka moto. Hasira bado alikuwa nayo, ila sasa haikuwa na pa kwenda. "Namba ilikuwa haibadiliki," alisema kwa ukali. "Nikaona kupima ni kujichosha bure."

"Na maji ya kujaziliza umechota wapi?"

"Kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Si viumbe wa baharini hawa?"

Shangazi alipiga meza. "Nilikwambia dumu la maji yasiyo na chumvi! Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiondoki. Wewe umetia chumvi juu ya chumvi! Hilo ni kosa, na ungepima ungeligundua mapema. Kiwandani kwetu, anayeandika namba bila kupima hufukuzwa, kwa sababu watu huiamini namba hiyo wakanywa. Tena umemsingizia mtoto!"

Sindano alimgeukia mdogo wake. "Nisamehe. Ni mimi."

Kisha akalikimbilia dumu ili alimimine lote. Shangazi akamshika mkono. "Polepole! Ukiishusha chumvi ghafla, utayamaliza matumbawe."

Kwa siku sita Sindano alitoa maji kidogo, akatia maji yasiyo na chumvi kidogo, akapima. Alimwomba Kiroboto asome namba kwa sauti, naye hakumhurumia: "Arobaini! Umekasirika tena, dada?"

Matumbawe mawili ya kijani yalikufa. Siku ya saba, kipimo kiliposoma thelathini na tano ya kweli, lile jekundu lilianza kukunjuka, ukingo baada ya ukingo.

Sindano alimtazama shangazi. "Bado umenikasirikia?"

"Sana," alisema shangazi. "Hasira si kosa, mwanangu. Lakini mwenye hasira na aanze kupima alichofanya mwenyewe, ndipo amnyooshee mwenzake kidole."