Sentensi Aliyoifuta Hazim

Mtaa wa Abdel Aziz, Kairo, ulikuwa umefurika watu Shahira alipompiga Hazim kiwiko mlangoni mwa duka la kamera. Alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe.

"Samahani, kaka. Si wewe unayeandika kuhusu kamera mtandaoni?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye uliyenivunja mbavu."

Shahira alicheka. Simu ilikuwa haimtoshi tena. Alitaka kamera ya kuwapiga picha njiwa wa baba yake wakizunguka juu ya mapaa. Macho ya mzee yalikuwa yakififia, na mwisho wa mwezi angewauza.

"Chukua hii," Hazim alisema. "Inavuta kitu cha mbali karibu mara sitini. Njiwa akikonyeza utamwona."

"Kweli, au maneno ya dukani?"

"Nikudanganye wewe, mrembo?"

Na alikuwa akimdanganya. Alikuwa ameijaribu wiki mbili, akaandika: "Jua likishuka usiivute hadi mwisho, picha zitajaa ukungu." Mwenye duka alipomwambia abaki bure na kamera ile ya majaribio, akaifuta sentensi hiyo.

Shahira akainunua. Mapenzi yakaanza, simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, roho yangu?" Shahira angeuliza.

"Nakula koshari, wali na dengu na vitunguu vya kukaanga. Nikubakizie?"

"Nibakizie kitunguu, mchoyo wewe!"

Siku ya mwisho ya njiwa, mzee alipunga bendera ya kuwarusha na njiwa wakaruka jua likizama, kama kawaida yao. Shahira aliivuta lenzi hadi mwisho. Kisha akampigia Hazim.

"Picha zote ni ukungu. Ulijua?"

Hazim aliisukuma kamera yake mbali juu ya meza.

"Hazim, ulijua?"

"Nilijua."

Shahira akakata simu, na kwa siku tisa hakuipokea. Hazim aliirudisha dukani kamera aliyopewa bure, akairudisha sentensi mahali pake. Haikumsaidia. Njiwa walikuwa wameshauzwa.

Siku ya kumi Shahira alipiga, sauti kavu. "Baba anakuita. Anataka kukushukuru kwa picha."

Juu ya paa, kando ya banda tupu, Ami Shukri, baba yake Shahira, alikuwa ameishika picha moja ya njiwa karibu iguse pua.

"Karibu, mwanangu. Mungu akubariki kwa kumchagulia binti yangu kamera."

Shahira alikunja mikono, akimtazama Hazim. Kusema amina kungetosha.

"Usinishukuru, ami. Picha ni mbaya. Nilijua kamera ile haiwezi giza likiingia, nikaficha ili nipewe yangu bure."

Mzee aliishusha picha taratibu. "Kwa hiyo ukungu huu umo kwenye picha?"

"Umo kwenye picha, ami."

"Nami nilidhani ni macho yangu. Siku zote hizi najifanya naona vizuri, Shahira asihuzunike."

Hazim aliona aibu. Shahira akashuka ngazi, na Hazim akajua mapenzi yao yamekwisha.

Shahira akarudi na sinia, glasi tatu za chai.

"Sukari vijiko vingapi?" alimuuliza bila kumtazama.

"Vyovyote utakavyonitilia."

"Nimekuuliza vingapi, Hazim."

"Vinne."

Akatia vinne, akamkorogea.