Kamwene, Shemeji!

Kila Ijumaa baada ya uji, Mwalimu Anneth aliweka spika juu ya meza ya darasa la sita, na hata wale wenye domo wakanyamaza. Shuleni kwao Makambako walikuwa wanajifunza kwa podikasti, yaani vipindi vya sauti walivyovirekodi wenyewe kwa simu ya darasa. Mwanafunzi mmoja alihoji watu nyumbani kwao, mwingine akahariri kwa kukata makosa na kelele.

"Mhariri anasikiliza hadi mwisho," mwalimu alizoea kusema. "Mwisho kabisa!"

Oktavia aliipenda kazi hiyo mpaka siku Beatha alipohariri kipindi chake. Oktavia alikuwa anamhoji mama yake kuhusu mahindi, mara baba yake, Mzee Elieza, akaingia uani akitoka kunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Akamsalimia mbuzi kwa Kibena, "Kamwene, shemeji!" Beatha angeweza kukata sehemu ile. Hakuikata. Darasa zima lilivunjika mbavu, na tangu hapo Oktavia hakuweza kwenda bombani bila kusikia, "Kamwene, shemeji!"

Hakulia. Moyo ulimchemka kama maharage jikoni. "Beatha atanitambua," aliapa.

Zamu yake ya kuhariri ilifika, na kipindi kilikuwa cha Beatha mwenyewe. Beatha alimhoji mama yake, Mama Scolastika, anayeuza viazi kando ya barabara ya Njombe. Walipoagana na wasikilizaji, Beatha alisahau kuzima simu. Zikasikika sufuria, kisha sala ya familia kabla ya chakula.

"Bwana, mponye mwanangu Beatha, aache kukojoa kitandani. Wiki ijayo tunampeleka hospitali ya Ilembula, ibariki mikono ya daktari..."

Oktavia aliruka kwa furaha, akazima simu papo hapo. Alikuwa amepata alichokitaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu; sasa Beatha angeonja uchungu wake.

Ijumaa mwalimu alimwuliza, "Umesikiliza hadi mwisho?"

"Ndiyo, mwalimu," Oktavia alijibu bila kupepesa macho.

Viazi vikapita, kuagana kukapita, sala ikaanza. Darasa likalipuka kwa kicheko. Beatha alijifunika uso kwa sweta, na Oktavia akamtazama huku akiona raha isiyo kifani. Mwalimu Anneth alikuwa nyuma ya darasa. Alipokuwa anapenya kati ya madawati kuiendea spika, sauti ya Mama Scolastika iliendelea.

"Na umbariki Mzee Elieza, baba yake Oktavia. Mwanangu amenieleza alivyomwaibisha, na amelia sana. Jumamosi tutakwenda kuwaomba radhi. Utupe ujasiri wa kubisha hodi. Amina."

Mwalimu akazima. Kicheko kilikuwa kimekatika chenyewe. Beatha alitoka mbio, na ile raha ya Oktavia ikageuka shubiri mdomoni.

"Mwalimu, nimekudanganya," Oktavia alisema. "Sikusikiliza hadi mwisho. Nilitaka kumkomesha."

Mwalimu Anneth alimtazama kwa huzuni, kisha akaligeukia darasa. "Kukojoa kitandani ni tatizo la afya, na lina matibabu. Atakayemcheka Beatha atakutana na mimi. Na kosa ni langu pia. Kuanzia leo nitavisikiliza vipindi kwanza."

Oktavia alimkuta Beatha nyuma ya bomba. "Nisamehe," alimwambia. Beatha aligeuka akaenda zake, na Oktavia hakumlaumu.

Jumamosi asubuhi hodi ilibishwa. Alikuwa Mama Scolastika, na nyuma yake Beatha na ndoo ya viazi. Oktavia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Beatha alipiga magoti mbele ya Mzee Elieza. "Shikamoo baba. Naomba unisamehe kwa kile kipindi."

"Marahaba, mwanangu. Inuka," alisema mzee, akainamisha kichwa kwa aibu. "Aliyejiaibisha ni mimi na ulanzi wangu."

Oktavia aliipokea ndoo, machozi yakimlengalenga. "Mama, mmekuja hata baada ya nililomfanyia Beatha?"

"Tulikuwa tumeshamwahidi Mungu," Mama Scolastika alijibu. "Tungemwambia nini?"

"Nisameheni, mama. Nisamehe, Beatha."

Safari hii Beatha alimshika mkono. Mama Scolastika akawatazama wote wawili, akatikisa kichwa.

"Kisasi kina haraka, wanangu, hakisikilizi hadi mwisho. Oktavia, ungevumilia kidogo tu, ungetusikia tunakuja."