Magurudumu Madogo ya Yamumbi

Mzee Kabiru alipatikana amekufa akiwa amepiga magoti, uso ndani ya viazi vyake.

Ilikuwa Julai 1986, saa moja asubuhi. Ukungu wa Yamumbi ulikuwa mzito mpaka ng'ombe haoni mkia wake. Nabwire, msichana aliyekuwa anakamua pale bomani, ndiye alimwona kwanza. Akatupa ndoo ya maziwa na kupiga nduru.

Inspekta Murunga alifika na konstebo wake, Kibet. Akamgeuza marehemu. Hakuna damu. Hakuna jeraha. Beji ya chama bado inang'aa kwa koti. Lakini mdomo ulikuwa wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

"Afande, angalia chini," Kibet alisema.

Kwa udongo laini, uliolowa mvua ya usiku, kulikuwa na nyayo za marehemu peke yake. Halafu kulikuwa na kitu kingine. Alama za magurudumu manne, kila moja upana wa vidole viwili. Zilipita katikati ya matuta ya viazi, zikamzunguka mzee mara tatu, duara ndogo safi, kisha zikarudi zilikotoka.

"Zimetoka wapi?"

Kibet alinyoosha rungu. "Kwa kaburi, afande."

Kaburi la Stephen, mtoto pekee wa mzee, lilikuwa hatua chache kutoka hapo, katikati ya nyasi zilizofika mpaka nyuma ya jikoni. Alizikwa miezi miwili iliyopita. Udongo wake haukuwa umeguswa. Nyasi zinapoisha ndipo alama za magurudumu zinaanza.

Murunga hakuwa mtu wa kuogopa. Lakini alifunga kifungo cha juu cha koti.

Mjane, aliyeitwa Warigia, Mama Warigia kwa wote, alimpokea jikoni. Moto ulikuwa unawaka, na dirisha dogo lilikuwa linatazama shamba.

"Mama, pole. Mtoto wako alikuwa na kitu cha magurudumu?"

"Gari ya rimoti. Mwalimu wake mzungu wa sekondari alimwachia akirudi kwao. Mzee mwenyewe aliiweka kwa jeneza. Watu wote waliona."

"Basi imetokaje?"

"Unaniuliza mimi, Inspekta? Uliza kaburi."

Huko nje watu walikuwa wameshapata jibu lao. Ndungu, ndugu ya marehemu, alimngojea Murunga kwa mlango, fimbo kwa mkono.

"Huyo msichana wa Bungoma ndiye anaita wafu. Tangu juzi amekuwa akisema anasikia kitu kinalia kwa viazi, ziii, ziii. Alijuaje?"

"Kusikia si kosa, Mzee."

"Ndiyo, mtetee. Si ni mtu wa kwenu?"

"Mimi ni mtu wa serikali."

"Hata serikali iko na kwao." Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. "Saa tisa tukimaliza maombi, hiyo nyumba yake tunachoma. Akiwa ndani ama akiwa nje, shauri yake."

Murunga akaenda kwa kijumba cha Nabwire. "Ingia Landrover, tuende."

"Nikiingia hiyo gari nimekiri, afande. Na mama yangu ataambiwa alizaa mchawi. Sitoki."

"Kibet, simama hapa kwa mlango. Mtu asipite."

"Na rungu moja, afande?"

"Na sura yako. Inatosha kuogopesha."

Murunga akarudi shambani, akapiga magoti penye matope. Suruali yenyewe ilikuwa ya serikali. Alitazama zile alama kwa muda mrefu. Kutoka kaburini mpaka kwa mzee zilikuwa zimenyooka, laini, kama zimechorwa na rula. Duara ya pili zikaanza kurukaruka: gurudumu limegusa, limeruka, limegusa. Za kurudi zilikuwa za kuruka tupu.

Kwa jani la kiazi kulikuwa na tone zito la manjano. Akanusa. Inspekta huyu alikulia na ng'ombe, kwa hivyo hakuhitaji maabara. Ni mafuta ya kupaka chuchu wakati wa kukamua.

"Haya mafuta mnaweka wapi?" alimuuliza Nabwire kupitia dirisha.

"Jikoni, karibu na moto. Kwa hii baridi yanaganda kama sabuni. Mama hunipatia asubuhi yakiwa laini."

Toi ya mtoto haivuki matuta bila mkono wa fundi, kwa hivyo saa sita Murunga alikuwa mjini Eldoret, nyuma ya soko, kwa kibanda cha Gerishon, fundi wa redio. Alikuwa ameuliza mafundi wanne. Wote walielekeza kidole hapo.

"Gari ya rimoti? Hiyo ni kazi yangu!" Gerishon alijipiga kifua. "Ilikuja hapa ikiwa ya kukimbia kwa sakafu. Kwa matope ilikuwa inalala kama ndama mgonjwa. Nikatoa vijiti vya stelingi, vya kugeuza magurudumu, vilikuwa plastiki tupu, nikaweka spoku za baiskeli. Nikaongeza kona. Sasa inageuka kama mbwa anatafuta mkia."

"Na shokabsoba, za kuzuia isirukeruke?"

"Sindano za kudunga ng'ombe! Nne. Ndani mafuta ya cherehani, juu springi. Nikainua bodi mpaka ikapita juu ya mawe. Hata huko Japani hawana hiyo."

"Mtu akiweka mafuta ya kukamulia badala ya ya cherehani?"

"Mjinga gani huyo? Yakipoa, shoki inakuwa mti. Gari itaruka kama chura."

"Ikiwa imetoka karibu na moto?"

"Itaenda laini dakika chache. Halafu inaanza kuruka."

Murunga akapiga hesabu. Gari lililotoka kaburini lingetoka likiwa baridi. Hili lilikuwa limelala jikoni.

"Nani alikuletea?"

"Mama mmoja, kitambaa cheusi kwa kichwa. Nikamuuliza, 'Mama, ni ya mashindano?' Akaniambia, 'Nataka iweze kuzunguka mtu aliyepiga magoti.' Mimi nilicheka, afande." Gerishon aliweka chini chuma chake cha kuchomelea waya. "Yeye hakucheka."

Saa tisa kasoro Landrover iliingia Yamumbi. Watu walikuwa wanaimba ubeti wa mwisho. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa bomani, na hakuna mtu alikuwa anapika.

Murunga hakubisha. Aliingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya dari ndogo ya kukaushia kuni, akatoa kitu kilichofungwa na shuka. Kilikuwa na joto kama mtoto.

Mama Warigia alikuwa ameketi. Hakusimama.

"Ulilitoa lini kwa jeneza?"

"Sisi wanawake ndio tulimfunika. Mzee alipoweka gari akatoka kulia nje. Nikalitoa. Nikaweka Biblia, watu wa kubeba wasisikie uzito umepungua."

"Tayari ulikuwa umepanga?"

"Kupanga nini? Nilitaka tu kitu ambacho mtoto wangu alishika."

"Halafu?"

Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi nyepesi, maandishi ya bluu. Murunga akasoma. *Kwa heshima, najulisha ofisi yako kwamba kijana wangu Stephen ameficha karatasi za uchochezi ndani ya godoro.* Chini kulikuwa na sahihi ya Kabiru.

"Alikuwa mtu wa duka," Mama Warigia alisema. "Hakuwa anaandika kitu bila kaboni, ile karatasi ya kutoa nakala. Hata hiyo. Akaihifadhi kwa kitabu cha nakala, kati ya oda ya sukari na oda ya chumvi."

"Mtoto alichukuliwa?"

"Na gari isiyo na namba. Wiki tano. Akarudi akitema damu. Na wakati wa kuzika, Mzee akalia kuliko sisi wote."

"Ungemuuliza."

"Nilimuuliza. Akasema mwanamke asisome karatasi za duka." Alitazama dirisha. "Basi nikaacha Stephen amuulize. Mafuta ya fundi yalivuja, nikajaza haya ya ng'ombe, ndiyo tunayo. Asubuhi ya kwanza Mzee alikimbia. Ya pili aliomba Mungu. Leo, kabla ukungu haujashuka, alipiga magoti akasema, 'Stephen, niliogopa. Walikuwa wanichukue mimi.' Nilisikia kutoka hapa. Halafu akaanguka."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aseme. Akaambia toi. Mimi miaka thelathini nimempikia, hakuniambia."

Huko nje wimbo uliisha. "Rudini nyuma!" ilikuwa sauti ya Kibet, na ilikuwa imepanda kama ya mtoto wa shule. Nabwire alianza kulia ndani ya kijumba.

Murunga alishika bastola. Risasi sita, watu mia mbili.

"Weka hiyo," Mama Warigia alisema. Akachukua rimoti kutoka chini ya kikapu, akavuta antena, akaweka gari kwa kizingiti.

Ziii.

Lilipita katikati ya miguu ya waombolezaji, laini, bila kuruka hata mara moja. Mtu alipiga kelele. Halafu hakuna aliyepiga kelele tena. Watu waligawanyika, wengine wakavua kofia. Gari likaenda moja kwa moja mpaka kwa Ndungu, aliyekuwa mbele ya mlango wa Nabwire na kiberiti mkononi. Likamzunguka mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Likasimama mbele ya viatu vyake.

Kiberiti kikaanguka.

"Si Nabwire," Mama Warigia alisema nyuma yao, rimoti mikononi, mbele ya wote. "Si Stephen. Ni mimi. Na sababu ni barua ya ndugu yako."

Nabwire alifungua mlango. Hakuna mtu aliyemtazama machoni.

Maelezo yaliandikwa juu ya boneti ya Landrover. Murunga aliandika jina, umri, saa, shamba. Alipofika penye *sababu*, kalamu ikasimama. Alijua faili hii ingepanda ofisi zile zile ambazo barua ya Kabiru ilipanda. Mpaka ifike huko juu, hiyo karatasi ya bluu ingekuwa imepotea, na Mama Warigia angebaki mwanamke mwendawazimu na toi.

"Mama, naweza kuandika ni huzuni tu."

"Hapana. Andika yote." Alisukuma karatasi kidogo kwa kidole. "Lakini weka kaboni."

Murunga alimtazama. Kisha akafungua mkoba, akatafuta kaboni, akaanza upya.